Mjomba Antena anajibu: Redio zinakoroma, tumwendee mbunge?

Haya wapendwa, safari hii barua ni za mikwaruzo tupu. Kuanzia Mikindani mpaka Kilwa Masoko watu wanalia redio zinakoroma, na kuna kikundi kimeshaamua kabisa kumfuata mheshimiwa mbunge. Maswali ya ving'amuzi na betri za sola nimeyasogeza toleo lijalo, mnisamehe, tumalizane na hili kwanza.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mpiga redio wa ridhaa hapa Mikindani, yaani naongea na wenzangu hewani kwa mapenzi tu si kwa biashara, leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ninayo na kolusaini yangu, jina langu la hewani, inaanza na 5H kama ilivyo kwa nchi yetu. Zamani usiku kwenye megahezi 7 nilikuwa nawapata watu wa Afrika Kusini, Italia mpaka Brazil, kwa wati 100 tu na waya niliofunga kati ya mnazi na paa. Siku hizi ikifika saa kumi na mbili jioni ni zzzzz mpaka usiku wa manane, sindano ya kupima nguvu ya mawimbi inasimama S9 haishuki. Tuko wachache wenye leseni, wengine Mtwara mjini na mmoja Lindi, wote kilio kimoja. Tumekubaliana mbunge akirudi jimboni tukamwone, tumwambie Bunge lipitishe sheria ya kuzuia vifaa vinavyochafua mawimbi. Mwenzetu mmoja anasema wapiga redio wa Marekani walifanya hivyo wakashinda. Ni kweli? Na tukienda tuanzie wapi? – Mpiga Redio, Mikindani

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kwenda nendeni, sina ubishi na hilo, ila hiyo habari ya "Bunge lipitishe sheria" iacheni nyumbani. Sheria ipo. EPOCA, yaani Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, ni ya mwaka 2010, na TCRA yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kusimamia masafa na kufuatilia nani anamwingilia nani ni kazi yao. Sasa mkimwambia mheshimiwa atunge sheria wakati ipo, msaidizi wake atawauliza swali moja tu, mmeshapeleka malalamiko TCRA wakawajibu nini, mkianza kutazamana hapo basi kikao kimekwisha, mtapewa soda mtapanda bajaji mrudi Mikindani.

Kwa hiyo kwanza jueni mkoromo unatoka wapi. Wewe mwenyewe umeshanipa nusu ya jibu, unaanza saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo watu wanawasha nini? Taa! Zile taa za LED za bei poa, ndani yake kuna kisakiti kinachokata na kuwasha umeme mara maelfu kwa maelfu kwa sekunde ili kushusha voltiji, na mtengenezaji akitaka kubana matumizi anaanza kwa kutoa vile vichujio vya kuzuia kelele, taa inawaka vizuri tu, mnunuzi hajui kitu, ila waya wa nyumba nzima unageuka antena ya kutangaza uchafu. Chaja za simu hizi za barabarani ni hivyo hivyo, na kontrola za sola pia, tofauti ya sola ni kwamba nyingi zinakoroma mchana jua likiwaka na jioni zinanyamaza. Halafu usisahau, megahezi 7 usiku inafunguka hata kwa mbali, kwa hiyo msimu wa mvua utasikia na radi za huko Kongo, lakini radi ni kra-kra-kra ya kukatika katika, haina huo mlio wa nyuki ulioniandikia.

Jaribio lenyewe halina gharama. Unganisha redio yako na betri ya gari, iache inakoroma, nenda kazime meini swichi ya nyumba. Mkoromo ukitulia, mchawi yuko ndani kwako, anza kuwasha kimoja kimoja mpaka umkamate, na usishangae akiwa ni chaja ya laptop ya mtoto. Usipotulia, subiri umeme ukatike mtaa mzima (hili kwetu kusini sina haja ya kukufundisha kusubiri) na uwe tayari na kalamu. Mtaa ukizimika na mkoromo ukafa papo hapo, ujue ni mtaani. Hapo chukua redio ndogo ya mkulima, weka AM sehemu isiyo na stesheni, tembea nayo kwa miguu, ukikaribia chanzo inapiga kelele zaidi, ukiigeuza upande kuna mahali inafifia, hiyo inakupa mwelekeo. Utajikuta umesimama mbele ya duka la mtu.

Kuna na nguzo. Sisi tuko kando ya bahari, chumvi inaganda juu ya vile vikombe vyeupe vya nguzo, umande wa alfajiri ukishuka umeme unaanza kutambaa juu yake na redio inaunguruma. Na kuna nati zilizolegea juu kule, zenyewe kinyume chake, zinatoa cheche wakati wa kiangazi na mvua ikinyesha zinanyamaza. Ukiona hali ya hewa inabadilisha mkoromo wako namna hiyo, acha kugombana na wenye maduka, andika namba ya nguzo upeleke kwa watu wa umeme. Na tafadhali, kuna mtindo wa kugonga nguzo kwa nyundo ili kusikiliza kama mlio utabadilika, nimeusikia kwa watu wazima na akili zao, usifanye huo ujinga, waya ukikatika hutapata wa kumsimulia.

Haya, tuje kwa Wamarekani. Mwenzenu amesema kweli nusu. Kulikuwa na seneta wa Arizona anaitwa Barry Goldwater, huyo huyo aliyegombea urais 1964 akashindwa, na alikuwa mpiga redio hasa, kolusaini yake K7UGA, wakati wa vita ya Vietnam nyumbani kwake palikuwa na stesheni ya kuwaunganisha askari na familia zao kwa redio na simu. Yeye ndiye aliyesukuma sheria ya mwaka 1982 iliyoipa FCC, ambayo ni kama TCRA ya kwao, mamlaka ya kudai TV na vyombo vya nyumbani vitengenezwe kwa uwezo wa kuhimili mawimbi ya redio ya jirani. Wapiga redio wakafurahi. Halafu unajua FCC ilifanya nini? Iliwaachia wenye viwanda wajiwekee viwango kwa hiari yao. Mamlaka ilipewa, haikuitumia kwa nguvu, ndiyo maana nakwambia kupata sheria siyo mwisho wa kazi.

La pili ndilo lenye utamu, na linawafanana zaidi. Miaka ya 2000 kulizuka kitu kinaitwa BPL, kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme, wazo zuri kwa karatasi maana waya tayari umefika kila nyumba. Shida ni kwamba waya wa umeme uko uchi huko juu, haujafunikwa kama kebo ya antena, ukiupitishia ishara za megahezi 2 mpaka 80 unazirusha hewani, na humo ndimo masafa ya wapiga redio yanapokaa. FCC ikapitisha kanuni za kuiruhusu mwaka 2004. Chama cha wapiga redio wa kule, ARRL, chama cha tangu 1914, hawakulia tu. Walienda na vipimo vyao mitaani, wakarekodi mkoromo, wakaandika tarehe na saa na masafa. Mbunge wa Arkansas, Mike Ross, ambaye naye alikuwa na leseni, akapeleka muswada 2007 wa kuitaka FCC ifanye utafiti wa huo mwingiliano, muswada haukuwahi kuwa sheria. Lakini wakati huo huo walikuwa wameshaishtaki FCC mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema FCC ilikosea kuficha sehemu za tafiti za wataalamu wake yenyewe, ikawaagiza wazitoe. Na mji wa Manassas, Virginia, ambao ndio ulikuwa unatolewa mfano wa BPL ya mji mzima, ukazima huduma yake 2010. Sitakudanganya kwamba ni wapiga redio peke yao walioiua, faiba na intaneti ya simu viliipita biashara ile kwa mbali, ila bila yale madaftari yao ya vipimo hakuna jaji ambaye angewasikiliza.

Sasa wewe na wenzako mna nini mkononi? Ndiyo maana nimekusumbua na habari za meini swichi. Kaeni nayo muda, kila mtu kwake, tarehe, saa, masafa, sindano imesimama wapi, umeme ulikuwepo au haukuwepo, na rekodi ya simu ya hiyo sauti maana mbunge hawezi kusoma S9 lakini masikio anayo. Pelekeni TCRA kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakiwajibu vizuri mtakuwa mmeokoa nauli. Wakikaa kimya, hapo ndipo mheshimiwa anapopatia kazi.

Na kazi anayoweza siyo ya kuja kuzima taa. Anaweza kuuliza swali Dodoma, la msingi na la nyongeza, na serikali ikalazimika kusimama ikajibu. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, wizara ya mawasiliano inasoma bajeti yake humo, mwenye hoja iliyoandikwa vizuri kwenye nusu karatasi anaweza kusikia mbunge wake anaisoma kama ilivyo. Halafu mambo mengi ya masafa na vifaa yako kwenye kanuni anazotunga waziri, hayako kwenye sheria mama, na Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo ya kuzipitia, wengi hata hawajui kama ipo. Mngekuwa mnaniuliza mimi swali liwe lipi, ningeandika hivi: taa, chaja na inveta zinazoshushwa bandarini, nani anazipima kwa kelele za mawimbi, ni TBS (Shirika la Viwango) au TCRA, na zikikutwa chafu zinafanywa nini? Basi. Vipimo vya kimataifa vipo, ile CISPR 15 ni ya taa hasa, hamna haja ya kuvumbua kitu. Hilo ni swali ambalo waziri hawezi kulijibu kwa "serikali inaendelea kuboresha" akakaa, au akijibu hivyo kila mtu atamwona.

Na nendeni na watu wengine. Wapiga redio mkiwa peke yenu mnaonekana watu wa hobi. Mzee wa Msimbati anayesikiliza habari AM naye anakoromewa, mvuvi naye, mwenye redio ya jamii naye.

SWALI: Mjomba mimi nawashangaa hao jamaa. Sisi huku Lindi tunadai maji, korosho bei inapanda na kushuka kama pumzi, barabara ya Dar ikipata mvua inakatika, halafu watu wachache wenye midude yao ya kuongea na Wazungu wanataka kupoteza muda wa mbunge? Wewe unawatia moyo kwa nini? – Msema Kweli, Lindi

JIBU: Ndugu yangu Msema Kweli, hasira zako nazielewa, na wangekuja kwangu wakisema mbunge aache maji ashughulike na mikwaruzo ningewafukuza mwenyewe. Swali moja bungeni haliondoi bomba la mtu.

Ila hiyo barabara umeitaja wewe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala pande zote mbili. Wiki iliyofuata, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikapata hitilafu na nchi nzima tukawa tunazungusha simu juu juu. Na mwaka 2019 Aprili, kimbunga Kenneth kilipotua Msumbiji, Mtwara tulihama nyumba za pwani tukasubiri, kikapinda kidogo tu kusini yetu. Wazee wa Lindi wanakikumbuka kile cha 1952 ambacho hakikupinda. Redio ya megahezi 7 yenye betri na waya haihitaji mnara wala faiba, inavuka Rufiji bila kuuliza daraja, na ndiyo maana kutunza masafa hayo yawe safi ni jambo la watu wote.

Hapo hapo na mimi niwaseme wapiga redio. Msiende kwa mbunge mkijinadi nyie ndio mkombozi wa maafa wakati hamjawahi hata kukaa na kamati ya maafa ya wilaya mkafanya zoezi. Fanyeni zoezi kwanza, waalikeni waone ujumbe unatoka Mtwara unafika Dodoma bila simu, halafu ndiyo mseme.

SWALI: Habari za kazi kaka Antena, mimi ni mama wa nyumbani Ligula. Jirani yetu kijana ana mlingoti mrefu nyuma ya nyumba. Usiku mwingine nikiwa nimezima kila kitu ila sabufa iko kwenye umeme, inaanza kuongea yenyewe Kiingereza cha puani, wanangu wanakimbia, mama mkwe anasema tuite shehe aje asome. Nimegundua ni yule kijana anaongea na redio yake. Nataka niende kwa diwani mlingoti ung'olewe. Nina haki? – Mama Wawili, Ligula

JIBU: Dada yangu pole, na mama mkwe mwambie atulie, hakuna jini linaloongea Kiingereza cha puani saa tatu usiku.

Diwani hana mamlaka juu ya masafa, utamchosha bure. Na ukweli mchungu ni kwamba mara nyingi mwenye kosa ni sabufa yako. Ule waya mrefu unaotoka kwenye sabufa kwenda spika za pembeni unadaka mawimbi kama antena, ndani kuna vitransista havijakingwa, vinayageuza kuwa sauti. Ndiyo maana unamsikia hata ukiwa hujawasha stesheni yoyote, na ukipunguza sauti yeye hapungui.

Angalia waya wa chaja ya laptop, karibu na mwisho kuna donge jeusi gumu kama kokwa. Hilo ni feraiti, na mafundi wa mjini wanauza matupu ya kufunga na kufungua. Chukua waya wa spika uzungushe kwenye feraiti mara kadhaa karibu kabisa na sabufa, fanya hivyo na waya wa umeme, na waya uliozidi usiuache umetanda sakafuni, ukunje. Nyumba nyingi inaishia hapo.

Kuna hali moja ambayo kosa ni lake. Kama unasikiliza FM chini kabisa kule, 87 mpaka 89, na kila akibonyeza kuongea stesheni inapotea, muulize kama anatumia megahezi 29 na kitu, maana mara tatu ya hapo inaangukia kwenye FM, na hapo anatakiwa afunge kichujio kwenye redio yake, gharama juu yake. Mfuate mchana, kwa salamu, mwambie tarehe na saa uliyomsikia ili akafungue daftari lake alinganishe. Wapiga redio wa ridhaa wengi wanaogopa kuharibu leseni, atakuja na feraiti mwenyewe mfukoni. Na akikujibu jeuri, basi malalamiko yako peleka TCRA, kuna na baraza lao la watumiaji, TCRA-CCC, hilo ni la watu kama wewe.

Na wewe mpiga redio wa Mikindani kama bado unasoma, hii nayo mtaulizwa na mheshimiwa. Mtu akilalamikia mikwaruzo ya wengine halafu jirani yake mwenyewe analia na sabufa, kesi inakuwa ngumu.

SWALI: Mjomba salaam. Nina mashua Kilwa Masoko. Nimenunua mtandaoni redio kolu mbili za mkononi, muuzaji kasema zinashika kila kitu, meli, polisi, mpaka hao wapiga redio. Vijana wangu washaanza kuchonga nazo wakiwa baharini. Kuna tatizo? – Nahodha, Kilwa Masoko

JIBU: Lipo, nahodha, na bora umeuliza kabla ya kuulizwa. Redio kuweza kurusha siyo ruhusa ya kurusha. Masafa ya megahezi 144 mpaka 146 ni ya wenye leseni ya ridhaa, waliopewa kolusaini, na kuchonga habari za bei ya samaki humo hairuhusiwi hata kwa mwenye leseni maana si masafa ya biashara. Ya polisi usiyaguse kabisa. Vijana wakibonyeza ovyo juu ya mawasiliano ya watu, hao ndio mwingiliano wenyewe tunaouongelea tangu juu, na kutumia redio bila leseni ni kosa chini ya hiyo EPOCA.

Unachohitaji wewe ni redio ya VHF ya baharini, ya mkononi isiyoingia maji, na uifuatilie leseni yake TCRA. Chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya dharura, meli zote zinaisikiliza, ukishaitana unahamia chaneli nyingine unaiacha wazi. Kutoka kwenye mashua ya chini usitegemee kufika mbali, ni maili chache tu, mnara wa bandari au meli ndiyo itakusikia zaidi kwa kuwa antena yao iko juu. Wasiliana pia na TASAC, wale wasimamizi wa usafiri wa majini, wakija kukagua vyombo, waulize wanataka nini kiwemo kwenye mashua ya ukubwa wako.

Zile mbili za mtandaoni wafundishe vijana kusikiliza tu kwa sasa, au mmoja wao afanye mpango wa leseni ya ridhaa, umeona hapo juu kwamba Mikindani kuna wenye leseni wa kuwauliza.